Foleni ya Wajawazito

Nilikaa benchi moja na wajawazito saba,
mimi, Atuganile, mwenye miaka sitini na mitatu,
na karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne.
Aliye jirani yangu, tumbo limemfika magotini,
akanitazama, akatazama chini, akashindwa kujizuia:
"Bibi, na wewe?"
"Na mimi," nikamjibu. "Wangu yuko huku."
Nikainua dole gumba.
Benchi zima likacheka hadi nesi akachungulia.

Dole hili.
Miaka thelathini na mmoja kwenye miteremko ya Tukuyu,
majani mawili na chipukizi, bana, kata, tupa kapuni,
bana, kata, mvua ikijaa ndani ya buti,
na jioni kwenye mizani karani akiniita kwa namba,
nami nikichovya dole hilohilo kwenye wino.
Mimi sikujua kuandika. Lenyewe lilijua.

Kisha likaanza kunikana.
Kwanza mfuniko wa dumu. Kisha kitasa.
Kisha kumenya ndizi za mbalaga, kisu kikiniachia
kama mtoto aliyeshiba ziwa.
Usiku, pale kwenye shina la dole,
panawaka kama jiko lililosahauliwa.
Na kwa wakala wa simu, Uyole,
kijana akaniambia weka dole hapa. Nikaweka.
Tena. Nikaweka. Lipanguse. Nikalipangusa.
"Mashine haikuoni, mama."
Alama zote zimelika; chai imezinywa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakusema ni kipi kikiondoka
vinne vilivyobaki haviokoti hata sindano.

Chumbani giza kidogo. Mpimaji anaitwa Lugano.
Mikono yake ina baridi kuliko jeli anayonipaka,
na jeli ina baridi ya Kitulo mwezi wa saba.
"Mifupa daktari keshaiona kwenye eksirei," akasema.
"Mimi natafuta nyama. Kiungo kikilika, msuli ndio mlinzi;
nataka kujua kama mlinzi bado yuko macho."

Akapitisha kile kichwa cha mashine
juu ya nyama iliyo kati ya gumba na shahada,
na kwenye kioo pakatokea shamba.
Naapa, shamba: matuta meusi, mistari myembamba myeupe.
"Msuli mzima ni mweusi. Huu ni wa kushoto, uone.
Sasa wa kulia."
Wa kulia ulikuwa na ukungu.
Ukungu uleule unaoshuka Rungwe asubuhi
ukafuta mstari mmoja wa chai baada ya mwingine
mpaka husikii ila kikohozi cha mwenzako.

"Bana," akasema. Nikabana.
Ndani ya ukungu kitu kikajikunja, kikavimba, kikainuka.
"Achia." Kikalala.
"Bana."
Nimezaa watoto watano kwa mkunga, gizani,
sikuwahi kuona hata mmoja kabla hajalia.
Huyu nilimwona.

Akapima kutoka ukingo hadi ukingo, akaandika,
milimita, nukta, milimita. Wa kulia umepungua.
"Lakini haujafa, mama. Unaitika."
Sikusema kitu. Nilikuwa nimesahau kuachia.

Wajawazito hupewa picha. Nikaidai yangu.
Usiku mjukuu wangu Sekela akaigeuzageuza kwenye taa:
"Bibi, huyu ni nani?"
"Huyo ndiye aliyemlipia mama yako ada."
Hakuelewa. Akauliza kichwa kiko wapi.

Sasa nina kipande cha mpira wa baiskeli,
nimekizungusha kwenye gumba na shahada.
Naviachanisha taratibu, kama nilivyoonyeshwa,
asubuhi mara kumi, jioni mara kumi.
Sita hupita. Ya saba inauma.
Ya nane nahesabu kwa Kinyakyusa,
maana hapo Kiswahili huniishia.