Shika Pumzi

Mshiriki namba arobaini na moja
amevua mkanda, saa, na kamba ya shingoni
yenye ufunguo mdogo.
"Nishikie, dada. Wa sanduku la tarumbeta."
Nautia mfukoni mwa koti.

Nje, Upanga inaungua.
Humu kiyoyozi kimetuletea baridi ya Lushoto.
Mzee Kondo Pazi analala chali,
mikono juu kama aliyekamatwa na mgambo,
kitanda kinamwingiza polepole kwenye duara jeupe.

Mashine haijui Kiswahili. Mimi ndiye sauti yake:
Vuta pumzi.
Shika.
Usipumue.

Mtu huyu amepuliza harusi za Mtoni, Kijichi, Mbagala,
wima nyuma ya pikapu,
mlio mmoja tangu taa za Uhasibu
hadi gari la bibi harusi likate kona.
Leo, sekunde ya sita, kifua kinamsaliti.
Picha imecheza. Tunarudia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tusemavyo.
Huyu aliingia bila hodi, akakaa wiki tatu,
akaondoka, na vipimo vikaapa hayupo.
Basi nani kaacha haya?
Chini ya pafu la kulia, ukungu,
kama kioo alichokipumulia mtoto;
nyuzi nyeupe zimevuta nyama
mfano wa mshono wa fundi mwenye haraka.

Mwezi wa tatu, ukungu.
Wa tisa, ukungu.
Huu ni wa kumi na nane. Nazipanga picha bega kwa bega,
napima milimita,
napima tena, maana natamani.
Daktari atasoma. Mimi naandika tu:
*mgonjwa alisogea, marudio mawili.*

Wako mia na ishirini kwenye jedwali letu.
Yumo mama lishe wa Kisutu
anayepumzika mara mbili kati ya jiko na meza.
Majirani humuuliza: si ulishapona wewe?

Anafunga mkanda, tundu la ndani zaidi.
"Hiyo picha inaonyesha ni lini?"
"Inaonyesha wapi, mzee. Lini haimo."
Anaitikia kwa kichwa, anaaga.

Namba arobaini na mbili keshavua viatu
ndipo mkono wangu unagusa ufunguo.
Natoka mbio, nikidhani nitamkuta barabarani.

Yuko ngazi ya tatu.
Ameketi, kofia magotini,
anangoja pumzi yake imfikie.