Kofia ya Sufu

Sasisho liliingia usiku, bila hodi.
Alfajiri, Rēzekne ikiwa na theluji ya magotini,
kompyuta nne za ushirika wa maziwa
ziliamka na kauli moja:
Hifadhidata imekutwa katika hali isiyoeleweka.

"Hata mimi," akasema Skaidrīte wa hesabu,
akipuliza chai. "Na mimi nani atanirekebisha?"

Niliijenga mwenyewe, hifadhidata ile,
mwaka mwanangu alipoota meno ya mbele:
majedwali saba, fomu moja ya kijani.
Sasa mwana ana ndevu, fomu ni ile ile.
Nikaikarabati, ikapona. Skaidrīte akafungua, sawa.
Guntars akafungua kutoka maabara,
ikawaangukia wote wawili.

Nikazima, nikawasha. Nikafuta kile kifaili cha kufuli
kinachobaki kama kiatu mlangoni, mgeni keshaondoka.
Nikanunua waya mpya kwa pesa yangu.
Nikamlaumu Guntars.
Mchana nikakubali nilichokijua tangu asubuhi:
akiingia mmoja, salama; wakiingia wawili, maafa.

Ndipo Skaidrīte akavua kofia yake ya sufu,
nyekundu, yenye kishada,
akaibwaga mezani:
"Aliyeivaa ndiye anayeandika.
Asiye nayo, mikono mifukoni."

Siku tisa tukaishi hivyo.
Kofia ikapanda ngazi, ikashuka ngazi,
ikanuka jibini, ikanuka vichwa vya watu.
Dereva wa lori la tangi akasubiri zamu yake,
risiti mkononi, injini ikinguruma nje.
Mkaguzi kutoka Riga akatukuta hivyo, nikamweleza.
Akaandika kitu kwenye daftari lake,
kisha akaomba kuijaribu.

Siku ya sita akapiga simu Bi Genovefa,
mwenye ng'ombe kumi na mmoja:
"Stakabadhi yangu inasema sifuri.
Ng'ombe wangu mmewakausha ninyi?"
Nikatazama safu yake: alama za reli, reli, reli,
pale palipokuwa na lita mia mbili na kumi na mbili.
Nakala ya akiba ilikuwa ya Ijumaa.
Yeye aliuza Jumamosi.
Nikaendesha kilomita thelathini kwenda kusoma chaki
kwenye mlango wa zizi:
mistari minne, na wa tano kuikata;
minne, na wa tano kuikata.
"Mlango huu," akasema, "haupokei masasisho."
Akanipa siagi, imefungwa kwa gazeti.

Usiku wa tisa nikasoma mipangilio ya seva
mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta sindano zuliani,
nikaukuta ukarimu mpya, umewashwa bila kuulizwa:
kila kompyuta ikopeshwe faili,
ikae nayo kwake, ibadilishe humo humo,
irudishe itakapojisikia.
Kukopa harusi, kulipa matanga.
Yalikuwa matanga ya lita mia mbili na kumi na mbili.

Nikaufuta mkopo kwa amri moja fupi,
fupi kuliko jina la Skaidrīte na la baba yake.

Asubuhi wakaingia wote wanne kwa pamoja.
Hakuna aliyepumua. Vitufe vikalia,
fomu ya kijani ikakaa kijani.
Guntars, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuomba kofia.
Skaidrīte alikuwa ameivaa mpaka masikioni.
Nje ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Hakumpa.