Chumba Namba Tisa

Jina lake Semeni, na hasemi kwa mdomo.
Aliyempa jina hakuwa na kejeli:
alizaliwa na masikio mazima, homa ikaondoka nayo
akiwa na miaka mitatu.
Haya aliyaandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto,
nyuma ya karatasi ya rufaa,
herufi zikiyumba kama mtoto anayejifunza kutembea,
maana wa kulia ndio uliomleta.

Miaka kumi na moja anapiga msasa Keko:
makabati, vitanda vya sita kwa sita,
miguu ya meza za watu wasiomjua.
Kano za kidole gumba zimevimba,
zinakwaruza ndani ya ala yake
kama mlango wa mninga ulionyeshewa.

Nikawasha mashine. Nikampaka jeli, akashtuka kwa ubaridi,
akanisogezea daftari: "Inafanya nini?"
Nikaandika: "Inatoa sauti."
Ulimi wangu huu, hata ukiandika unateleza.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kioo gizani.

Nikaandika tena, haraka:
"Hata mimi siisikii. Haisikii mganga mfawidhi,
haisikii mbwa wa mlinzi, wala popo wa kwenye dari.
Inatetema mara milioni tatu kwa sekunde moja."

Bado hakuamini.
Basi nikakifuta kichwa cha mashine, nikakielekeza juu,
nikadondosha tone la maji kutoka chupa yangu ya kunywa.

Tone likasisimka.
Likachemka bila moto, likarusha ukungu mwembamba.
Semeni akacheka, na kicheko chake kina sauti, kikubwa,
wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka.
Akaomba nirudie. Nikarudia.
Tone la tatu alilidondosha mwenyewe.

Dakika tano nazungusha, duara dogo dogo,
bila kutua, kwani ukitua joto linauma mfupa.
Mwalimu wetu alisema: kama anayepaka chapati samli,
usiache pengo, usirundike.
Simdanganyi mtu, mashine hii si muujiza.
Wako wanaopona nayo, wako wanaopona bila hiyo,
na wenzangu hubishana juu yake hadi chai inapoa.
Kazi kubwa ni mazoezi, na kupumzisha kano.

Ndipo nikaandika, kama ninavyomwandikia kila mtu:
"Pumzisha mkono. Wiki tatu."

Akasoma.
Akainua mikono yote miwili, akaitazama,
kisha akaziba nayo mdomo.

Nimewaambia mafundi waache nyundo,
nimewaambia akina mama waache mchi.
Sijawahi kumwambia mtu aache kusema.

Tukapatana kama watu wa sokoni.
Msasa hapana, hata robo saa.
Maneno ruhusa, ila machache, mafupi, ya mkono wa kushoto.
Umbeya usubiri Idi.
Hapo akanipiga bega,
na pigo lile nililielewa bila daftari.

Siku ya tatu umeme ulikatika katikati ya duara.
Jenereta ikakohoa, ikagoma.
Nikamalizia kwa kidole gumba changu,
taratibu, kukata kano kwa upande,
yeye kakunja uso, jasho linatutoka wote.
Akaandika: "Hii naisikia."

Alikuja mara tano. Ya sita hakuja.

Mwezi umepita, nikamwona ng'ambo ya barabara,
mbele ya kitanda kinachonukia vanishi,
anabishana na mteja,
mikono yote miwili, kasi ya mvua ya mawe.
Nilitaka kuvuka nimkumbushe mazoezi.
Mteja anajifuta shingo, anatafuta wa kumsaidia.
Sikuelewa neno hata moja, ila bei,
na kwamba hapunguzi.