Sura ya Themanini na Nne

Desaguadero, mpakani mwa Bolivia na Peru,
mita elfu tatu na mia nane juu ya bahari
ambayo nchi yetu iliipoteza vitani.
Hapa hewa ni haba, mihuri ni tele.

Mimi Nicanor Quenta, karani wa dirisha la tatu.
Kazi yangu kuuliza kila kitu jina lake,
kisha kukipa namba.

Jumanne liliingia sanduku la Fermina Choquehuanca:
pampu moja, paneli nne za jua,
waya uliosukwa kama nywele zake mwenyewe.
Kitabu kinasema pampu ni sura ya themanini na nne,
paneli ni ya themanini na tano.
Waliokiandika hawakuwaza
kwamba vitu vyaweza kuja kama mke na mume,
kimoja kinywe jua, kingine kitoe maji.
"Vitenganishe," alisema mkuu. "Sheria ni msumeno."
"Vikitengana," alisema Fermina, "ni vyuma tu."

Siku tisa sanduku lilikaa uani, likapigwa na barafu.
Katikati ya siku hizo lilipita lori
la betri kuukuu zilizoandikwa *vipuri*.
Namba safi, karatasi zimenyooka.
Niligonga muhuri kabla chai haijapoa.
Lilipoondoka lilidondosha tone,
na zege likatoa povu.

Msumeno wetu ulikata pampu, ukaruka betri.

Ukutani nina malengo kumi na saba, yenye rangi nzuri;
la sita ni maji.
Mezani nina mkataba wa forodha, kurasa elfu na ushee.
Wa mezani haujawahi kuinua macho ukutani.
Wanalala chumba kimoja, wamepeana migongo.

Siku ya kumi Fermina aliweka chupa kaunta:
maji ya kisima chake, rangi ya kutu.
"Na haya, yana namba gani?"
Nikafungua. Yamo, kwa kweli:
sura ya ishirini na mbili,
*maji yasiyotiwa sukari*.
Ya kutonyweka hayakuandikiwa kifungu.

Nikaandika: seti moja, kazi moja, kupandisha maji.
Nikagonga. Mkuu alikuwa amekwenda kula.
Labda watanikata mshahara.

Namba ya lile lori ninaikumbuka.
Nimeiandika nyuma ya bahasha,
bahasha imo mfukoni,
na hadi leo sijajua
ni dirisha gani linaloipokea.