Robo Mzunguko

Baba hakuwa mtu wa samaki.
Alikuwa mtu wa koki:
gurudumu la chuma lililoota kutu
chini ya bwawa, juu ya Brădetu,
na daftari la serikali
ambamo kila jioni aliandika maji
kama mwenye duka aandikavyo deni.

Vâlsan ukiuona mwezi wa nane
utauliza mto uko wapi.
Bata anauvuka bila kulowa magoti.
Maji yake waliyatia handakini, yakaenda bonde la pili
kuzungusha mitambo, nasi tukapata taa.
Sisemi taa ni mbaya. Nimesoma chini yake.

Lakini chini ya mawe yumo mmoja,
urefu wa kiganja cha mtoto,
mgongo wa rangi ya changarawe,
ngozi ukiipapasa inakwaruza kama ulimi wa paka.
Asprete.
Mchana amejibana chini ya jiwe lake,
usiku hutoka kutafuta vibuu.
Dunia yake ni kilomita chache za mto huu:
juu ukuta, chini tope.
Bahari hajaisikia hata kwa uvumi.

Mwaka wa ukame ikaja simu kutoka Pitești.
Funga. Yote.
Baba akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa,"
akavaa buti, akachukua tochi,
na mama, Filofteia, akamfuata kwa makelele hadi langoni:
"Vintilă! Utatufukuzisha nyumba ya kampuni
kwa ajili ya dagaa?"

Akafunga.
Akasimama kidogo.
Akafungua robo mzunguko.
Daftarini akaandika: sifuri.

Sifuri tarehe tisa. Sifuri tarehe kumi.
Siku arobaini na moja za sifuri,
mwandiko wa mtu aliyerudisha hata chenji ya senti mbili;
nazisoma leo jikoni, yeye yuko udongoni tangu Pasaka,
na kila sifuri naisikia ikichuruzika.

Gurudumu sasa linazungushwa na kompyuta ya mjini.
Sijui kama ilifundishwa robo.

Nilimuuliza siku moja kama aliwahi kumwona.
Alikuwa akimenya kiazi, hakuinua kichwa.
"Mara moja. Usiku, kwenye mwanga wa tochi.
Akanikodolea macho
kama mtu aliyegongewa mlango na mdai."

Ukafanyaje?

"Nikazima.
Mwenye nyumba humuliki usoni."