Ngano

Kwa lugha yetu neno ni moja:
ngano ya kusaga na ngano ya kusimuliwa usiku.
Basi Sechelela alipoupanda mlima wa Kiboriani
kwa pikipiki ya serikali yenye taa moja,
akashusha kiroba, akasema, "Nimewaletea ngano,"
Chilewa aliitikia toka zizini: "Pakawa!"
Tukacheka. Hata yeye.

Mabwana shamba waliomtangulia walikuwa na majibu.
Wa kwanza: pandeni kwa mstari.
Wa pili: mstari gani huo?
Wa tatu hakushuka garini,
alitusomea karatasi dirishani.
Huyu alichuchumaa, akafikicha udongo, akaunusa,
akauliza mvua ilianza lini
mwaka ule nilipomzaa Mbeleje.
Novemba, nikasema.
Na mwaka jana?
Krismasi ilipita, vumbi bado jeupe.

Akapigilia nguzoni kikombe chenye mistari,
akanipa daftari: kila asubuhi, kabla hujakamua.
Nikaandika. Sifuri. Sifuri. Kumi na nne. Sifuri.
Sifuri zikalala ukurasani
kama mayai ya kanga, viza yote.

Februari jua likagoma kuondoka.
Ngano imefika magotini, inaanza kutoa masuke,
majani yakajikunja.
Nikatuma ujumbe: nifanye nini?
Siku mbili kimya. Ana vijiji saba
na lita tano za petroli kwa mwezi.
Siku ya tatu akaja kwa miguu, viatu mkononi,
akasimama katikati ya shamba.
Nikangoja dawa.
"Sijui," akasema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo
katika kinywa kinacholipwa mshahara.
"Sijui, mama Mbeleje. Lete daftari, tuhesabu."

Siku ishirini na mbili bila tone.
Lakini kule chini, nilikochimba makinga maji
kwa hasira, siku niliyogombana na mume wangu,
nikatupia samadi na mabua ya mtama wa zamani,
majani yalikuwa yamefunguka.
Akaandika hilo. Akalipigia mstari mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.

Sitadanganya: tulivuna debe moja na nusu.
Punje za juu nyembamba kama kucha za kichanga;
kweleakwelea walichukua fungu lao bila kupimiwa.
Mtama ndio uliotulisha, kama miaka yote,
wala haukudai shukrani.
Debe lile nililipepeta, nikasaga, nikakanda,
nikasukuma chapati.
Chilewa alikula tatu,
akajifuta mafuta kwenye goti, akatazama pembeni,
akauliza kama mtu asiyetaka kusikika:
"Yale makinga maji. Ulichimba kina gani?"

Nikakunja mkono wa gauni,
nikamwonyesha:
kutoka ncha ya kidole
hadi hapa.