Mkanda wa Tano

Jumatano ilikuwa yetu.
Saa nane mchana, jua la Malindi halina huruma hata kwa paka,
wanaume wakafungiwa nje, tukaingia sisi
na mabuibui, na karanga, na watoto wa kunyonya,
na Bi Rukiya, aliyewahi kufua mashuka ya hoteli ya Wazungu
na kwa hiyo ndiye mkalimani wetu.

Sinema yenyewe sijui iliitwaje.
Mwanamke mwenye kofia pana kama ungo,
mwanamume mwenye majina matatu,
mkufu wa almasi uliofichwa ndani ya keki.
"Amwambia, mimi si mwizi.
Naye amjibu, basi mbona ufunguo wangu uko mfukoni mwako?"
Midomo kule kitambaani ilikuwa imesema mengi zaidi.
Hatukulalama.

Mnielewe. Za kulia tulikuwa nazo tele,
mama kipofu, ndugu waliopoteana mtoni;
tulilia, tukapenga kamasi, tukarudi kupika.
Na za kutisha tupu: unafumba macho,
umelipa pesa ili usione.
Lakini hii!
Kisu kiko nyuma ya pazia, na bwana anaomba apitishiwe chumvi.
Risasi yatoboa kofia, na mwenye kofia anakasirikia bei aliyoinunua.
Ukicheka, woga unakuingia kwa mdomo uleule.
Ukiogopa, kicheko kinakutoka puani pamoja na karanga.
Moyo unadunda, nawe hujui
unakidundia kisu
au yule mwenye tabasamu la upande mmoja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeposwa
na Bwanaheri fundi saa, kijana mpole, kucha safi,
ambaye jirani alinong'ona amemwona mara mbili usiku
akikata uchochoro wa Shela na kifurushi kwapani.
Sikumuuliza. Ungemuulizaje?

Kitambaani mlango ukagongwa. Mara tatu.
Mwanamke akanyoosha mkono. Pete. Kucha. Kitasa.
Taa zikawaka.

Kahindi wa mashine akachungulia tunduni:
"Mkanda wa tano umebaki Mombasa. Jumatano ijayo, inshallah."
Hujasikia matusi mpaka wanawake mia wayatoe kwa pamoja.
Alijifungia humo hadi magharibi.

Wiki nzima mji ulikuwa na mlango mmoja.
Kisimani, msibani, kwa muuza mbaazi: je, afungue?
Fatuma Shekue aliweka dau la doti ya kanga: mwizi yule.
Mamangu, ambaye hakuiona,
alisema mwenye majina matatu ana wake wanne.
Bi Rukiya alijua. Alijua, hasemi,
na kila nyumba aliyopita alinyweshwa chai.

Alhamisi usiku ukagongwa wetu.
Mara tatu. Baba safarini, mama kalala kama gogo.
Nikashika komeo, nikacheka, wallahi, peke yangu gizani,
magoti yakigongana.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi ana majina mangapi?"
Kimya. Kisha:
"Nimeleta saa ya mamako. Za wasio na pesa
nazirudisha usiku, wasije wakaona haya."

Jibu zuri. Zuri mno;
wezi ndio wenye majibu kama hayo.
Nikafungua, kiasi cha saa kupita.

Jumatano mkanda ulifika.
Taa zikazimwa, tukashikana mikono,
na badala ya mlango tukaona jangwa,
farasi kumi na mbili, wanaume wenye bunduki na vumbi.
Kahindi alikuwa ametumiwa sinema nyingine.
Ukumbi ukamgeukia Bi Rukiya.
Hakupepesa.
"Amefungua," akasema. "Wameoana.
Sasa wako shamba, wamenunua farasi."

Fatuma akaanza kuhesabu hasara ya kanga.
"Na hawa wanaopigana risasi?"

"Hao," akasema Bi Rukiya, akivunja karanga,
"ni mashemeji."